Mwavuli Juu ya Mkebe wa Biskuti

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Asubuhi mvua, halafu jua la kuchungulia na kujificha, na mimi tangu katikati ya ibada nina hasira ambayo vikombe vitatu vya chai havijaizima.

Naandika nikiwa kitandani kwa sababu kiti chetu kimoja amekikalia mke wangu.

Mke wangu! Hii ni wiki ya sita nikilitumia neno hilo, na bado nalitia hata mahali lisipohitajika. Juzi nilimwambia mama mboga wa hapa mtaani kwetu Kianda, Kibera, "Mke wangu amesema uongeze dania." Akanitazama, akasema, "Baba, tumesikia. Ploti yote imesikia. Una mke."

Kwa hiyo anayesoma aelewe kwamba mimi ni mtu mwenye furaha. Lakini leo wamemgusa huyo mke wangu, Nyambura, na mtu mwenye furaha akikasirika, hukasirika vibaya kuliko yule aliyezoea.

Nianze na sauti yake. Nyambura ana sauti mbili kwenye koo moja. Ubeti anauanza chini, chini kabisa, mpaka unajikuta umeinama mbele kama mtu anayeambiwa siri. Kiitikio kikifika anafungua koo, na mabati yanaitikia kabla ya kwaya. Nilimpenda hapo, kati ya ubeti na kiitikio. Mimi ni fundi wa redio na spika, nina kibanda Laini Saba kando ya reli, na nilikuwa nimeitwa kanisani kwao Kawangware kurekebisha waya mmoja. Waya huo niliurekebisha kwa wiki tatu.

Sasa, sauti ya namna hiyo ni mtihani kwa spika kuukuu. Ukiweka nguvu ya kutosha ubeti usikike, kiitikio kinachoma zile spika ndogo za sauti nyembamba. Ukipunguza ili kiitikio kisichome, ubeti unaishia benchi la pili. Spika zile zilishaungua mara mbili. Na Mzee Kimotho, mwenyekiti wa kamati ya vifaa, mwenye nyumba za kupangisha nyuma ya kanisa, mtu anayevaa ufunguo wa kabati la vyombo shingoni kama medali, akatoa hukumu: zikiungua mara ya tatu, Nyambura atahamia mstari wa nyuma, na ataimba bila maiki.

Yeye ndiye kiongozi wa kwaya. Ameongoza tangu akiwa kidato cha tatu. Mstari wa nyuma!

Paa likivuja, nani hulaumu mvua?

Hapa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Spika ya pili niliichoma mimi. Siku hizo nilikuwa nakaa kwenye miksa, ile mashine ya kupandisha na kushusha sauti, kidole juu ya kitufe, kazi yangu kumshusha kila anapopanda. Kazi rahisi. Ila nilikuwa namsikiliza. Alipanda, mimi nikapanda naye, kidole kikabaki palepale kama cha mtu aliyelala, na spika ikasema "tsk" ikanyamaza milele. Tulikuwa hatujaoana bado. Lawama ilimwendea yeye na mimi nikaangalia viatu vyangu.

Nilijiapiza kutengeneza mkono wa kukaa kwenye kitufe kile badala ya mkono wangu. Mkono usiopenda mtu.

Mkono huo una jina, unaitwa kompresa. Jirani yangu wa Laini Saba, anayeziba panchari, alifurahi sana aliposikia natengeneza kompresa, akaniuliza itajaza tairi za lori ama za boda tu. Nilimwambia hii ni ya sauti. Akasema, "Sauti nayo hupata panchari?" Ndiyo, ndugu yangu, hupata. Kawangware imepata mbili.

Kazi yake ni kama ya mtu anayechunga maziwa jikoni: yakipanda, anapunguza moto; yakishuka, anaurudisha. Sauti ya Nyambura inaingia, na sehemu yake inawasha taa ndogo. Akipaza, taa inang'aa. Mbele ya taa nimeweka seli inayoona mwanga, niliyoing'oa kwenye taa ya usalama iliyokufa, zile zinazojiwasha zenyewe giza likiingia. Seli ikiona mwanga mwingi inafungua njia ya pembeni, na sauti iliyozidi inamwagwa huko badala ya kwenda kwenye spika. Akishuka, taa inafifia, njia inajifunga, sauti yote inapita. Ni hivyo tu. Lakini lazima seli ione taa ile peke yake, isione kitu kingine chochote duniani. Kwa hiyo nilizitia zote mbili ndani ya ganda la kalamu nene ya wino, zikitazamana, nikazungushia tepu nyeusi ya umeme.

Nyambura alisema, "Kama sisi na hii nyumba yetu." Ni kweli, chumba chetu dirisha lake linatazama ukuta.

Tuliitengeneza Jumamosi nne. Taa ya kwanza ilikuwa nyekundu na seli haikuijali. Nikaweka ya kijani, ikaamka. Kisha mashine ikawa inahema: kila baada ya kiitikio sauti ilirudi haraka mno, hata pumzi za Nyambura zikasikika zikija mbio nyuma ya maneno. Nikabadilisha kapasita, kile kifaa kinachoshikilia umeme kidogo kabla ya kuuachia, nikaweka kubwa zaidi, ikatulia. Kila jaribio lilingoja treni ipite, kwa sababu ikipita meza inatetemeka na hujui kinachovuma ni waya ama ni gari moshi. Nyambura alikaa kwenye kreti ya soda akiimba mstari uleule mara mia, chini, juu, chini, juu, na wapita njia wa relini wakawa wanasimama. Mwanamke mmoja mwenye beseni la visamaki vya omena alisimama hadi akasahau alikuwa anaelekea wapi.

Mashine ilihitaji sanduku la chuma ili isivume. Tulikuwa na mkebe wa biskuti tuliopewa siku ya harusi. Nyambura alizimwaga biskuti kwenye sahani, akasema, "Tukule haraka, hii nyumba ina mwenyewe." Tulikula biskuti za wiki mbili kwa jioni moja. Vitufe viwili vya mbele aliviandikia kwa rangi yake ya kucha: kimoja ANZA, kingine BANA. Nikikumbuka mkono wake ukiandika pale, ulimi umejitokeza pembeni ya mdomo, hasira inataka kuniisha, na sitaki iishe kabla sijamaliza kuandika.

Jana Jumamosi tulipeleka mkebe kanisani. Tukaujaribu. Nyambura alinong'ona, nyuma kabisa wakasikia; akapaza, spika hazikutikisika. Nilitaka kulia.

Mzee Kimotho akauzunguka mkebe ule mara mbili. Akaniuliza, "Ndani kuna nini?"

Nikatabasamu. "Hiyo ni siri ya fundi, Mzee."

Akauliza tena, polepole. "Nakuuliza wewe kijana. Ndani umeweka nini?"

Nikacheka.

Asiyejua mafundi wa mtaani kwetu hataelewa. Sisi hatusemi. Ukitengeneza kitu kizuri leo, kesho kutwa kimeigwa vibanda vitatu mbele. Ndiyo maana tunasugua namba za vifaa kwa msasa zisisomeke, na mahali pa muhimu tunamwaga gundi nyeusi. Nilifundishwa hivyo na aliyenifundisha kazi. Namba zote ndani ya mkebe nilikuwa nimezisugua. Niliona kucheka ni jibu la kutosha.

Mzee akasema vyombo vya kanisa hushikwa na kamati peke yake. Akafunga kabati, ufunguo ukarudi shingoni. Tukaenda nyumbani.

Leo asubuhi palikuwa na mawingu mazito wakati wa kujaribu vyombo. Sikuruhusiwa kusogelea meza, nikakaa kwenye benchi za waumini. Mbele yangu, benchi mbili, alikaa mama mkwe wangu na mwavuli wake mweusi ukidondosha maji. Sisi watu wa Ziwa, mama mkwe tunamheshimu kwa umbali. Humpi mkono, hupiti karibu yake ukimgusa, humsemeshi hovyo. Tangu nioe, salamu zangu kwake hupitia kwa Nyambura. Kwao hawana desturi hiyo, na nimesikia aliwahi kuuliza kama mkwe wake ana shida ya kusikia.

Nyambura akasimama. Kitenge cha kijani, shingo ndefu. Akaanza ubeti.

Jua likatoka.

Juu ya meza ya vyombo kuna bati lile la kupitisha mwanga. Jua lilishuka hapo kama tochi, na sauti ya mke wangu ikazama. Midomo ilikuwa inaenda lakini kwenye spika hamkuwa na kitu, ni kama mtu aliyeanguka kisimani. Mzee Kimotho akasukuma kitufe juu. Wingu likalifunika jua. Sauti ikarudi yote kwa mpigo, na spika zikapiga yowe lililowafanya watoto wazibe masikio. Jua likatoka tena. Kimya.

Watu wakaanza kucheka. Kwanza vijana, halafu hata wazee.

Mzee akachukua maiki ya mhubiri, na kwenye maiki ile, mbele ya kanisa lote, akasema: "Nyambura, hebu rudi mstari wa nyuma. Fundi wa Kibera ametuletea vya Kibera."

Hayo ndiyo maneno. Nimeyaandika yalivyo. Mtu mzima, mzee wa kanisa, kila mwezi anapokea kodi kwa wapangaji waliotoka kwetu, na Kibera kinywani mwake ni tusi.

Nyambura akaweka maiki kwenye stendi. Akarudi nyuma. Hakuangalia mtu.

Ndipo nilipoinuka nusu na kuona meza vizuri. Mkebe haukuwa na kifuniko. Tepu yangu ilikuwa imebanduliwa, ganda la kalamu limepasuliwa vipande viwili, na seli imekaa wazi, inatazama juu, inatazama jua. Walikuwa wameifungua! Baadaye nilisikia kwamba Mzee aliifungua leo alfajiri na wenzake wawili wa kamati, kwa sababu kitu kilichofungwa, ambacho mwenyewe anakicheka badala ya kukieleza, hakiwekwi madhabahuni bila kukaguliwa. Walikagua. Wakaomba. Wakaacha wazi hivyo, ili kila mtu aone kwamba kamati haifichi kitu.

Seli maskini ilikuwa inafanya kazi yake. Iliona jua, ikadhani ni Nyambura anaimba kwa nguvu zote, ikamwaga sauti yote pembeni.

Nilitaka kukimbia mbele. Benchi zimebanana, na njia iliyokuwepo ilipita magotini pa mama mkwe. Nikasimama kama mti. Halafu nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mama. Ule mkebe unataka kufunikwa. Jua linauharibu."

Maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia uso kwa uso.

Akageuka, akanitazama. "Kumbe unaongea."

Akainuka. Hakuuliza swali. Akachukua mwavuli, akatembea hadi mbele kwa mwendo wake ule wa mtu anayeenda kudai kuku wake, akaufungua kanisani, pwaa, juu ya mkebe wa biskuti.

"Mama Nyambura," akasema Mzee Kimotho, "kwani ndani kunanyesha?"

"Kuna jua," akasema mama mkwe. "Na jua ndilo linaninyang'anya mtoto. Wewe shusha hicho kitufe chako kabla hujatupasua masikio. Nyambura! Rudi hapo mbele."

Nyambura akarudi. Akashika maiki, akaanza ubeti tena, na sauti ikaja, ya chini, safi, hadi mlangoni.

Nikafurahi kwa mistari miwili. Kisha nikakumbuka kiitikio.

Mwavuli ulikuwa umemaliza tatizo la jua, lakini ganda lilikuwa limepasuliwa, na taa ya kijani ilikuwa imelala chali mbali na seli. Hapakuwa na mkono wowote wa kumshusha. Akifika kiitikio, spika zingeungua mara ya tatu, na hapo hukumu ilikuwa imeshatolewa. Mstari mmoja ulibaki.

Nilipita juu ya magoti ya watu. Nadhani nilimkanyaga shemeji yangu mmoja. Tepu haikuonekana mezani, kumbe ilikuwa kwenye pipa la taka. Nikaingia chini ya mwavuli, bega langu likigusa la mama mkwe, nikaokota vile vipande viwili vya ganda, nikazitazamisha taa na seli, nikavifumba kwa viganja vyote viwili. Mama akainamisha mwavuli hadi ukatugusa vichwa.

Nyambura akafungua koo.

Spika hazikutikisika. Mabati yaliitika, kwaya ikaitika, na kwenye upenyo mdogo kati ya vidole vyangu niliona kijani kikiwaka kila alipopanda na kufifia kila aliposhuka. Nilitengeneza mashine ili mkono wangu usihitajike, na leo mkono wangu ulirudi palepale. Safari hii haukulala. Beti nne, tumesimama mimi na mama mkwe chini ya mwavuli mmoja kama watu waliokosa kibanda cha kujikinga. Kwetu nikisimulia hili, wazee watataka nitozwe mbuzi.

Hakuna aliyecheka.

Na sasa hasira yangu. Kwenye matangazo Mzee alimshukuru Mungu kwa mashine kukubali, akamshukuru mama mkwe "aliyeona mbali". Nyambura hakutajwa. Kibera haikuombwa radhi. Nilimngoja Mzee nje, nikiwa na maneno tayari, mengi, mazuri, yaliyonolewa.

Kabla sijafungua mdomo akasema, "Kijana, nilikuuliza mara mbili. Ulicheka."

Ni kweli, nilicheka.

Akaendelea: kamati imekubali Nyambura abaki mbele, kwa sharti kwamba Jumamosi nije nifungue mkebe ule mbele yao na kwaya yote, nieleze kitu kimoja baada ya kingine. Nisipokuja, mkebe unarudi Kibera na Nyambura anarudi nyuma. Akaenda zake. Hata samahani ndogo!

Tulitembea kutoka Kawangware hadi Kianda na njia nzima mimi naongea. Nani aliwapa ruhusa. Kwa nini nitoe siri zangu bure kwa mtu aliyetukana mtaa wangu. Wiki ijayo kila kibanda kitakuwa na mkebe. Nyambura alinisikiliza hadi tukavuka daraja la matope.

"Odhis," akasema, "siri ni yako. Lakini sauti ni yangu."

Nikamweleza hapohapo kuhusu ile spika ya pili.

Alisimama. Kisha akasema, "Nilijua. Nilikuwa nakuangalia. Nilikuwa nangoja useme." Akaendelea kutembea, hatua mbili mbele yangu, hadi mlangoni. Hajanuna. Ila hajaimba tangu tufike, na chumba kisipokuwa na sauti yake ni sanduku tu.

Kwa hiyo Jumamosi nitaenda. Nitaanza na habari ya spika, nimwambie Mzee aliyeichoma ni nani, kwenye maiki ileile. Halafu nitadai radhi ya mke wangu na ya mtaa wangu, kwenye maiki ileile pia, na sitaondoka bila hizo mbili. Na tepu nyingine anunue yeye.

Nina karatasi hapa. Juu nimeandika swali lake: Ndani kuna nini? Kalamu yenyewe ni ule wino niliouchomoa kwenye ganda, unachafua vidole.

Nimeanza kujibu. Mstari wa kwanza: mkebe wa biskuti za harusi yetu. Nyambura ametoka kitini, ameegemea bega langu anasoma, na polepole, chini kabisa, ameanza ubeti.